Kipimo kinasema mtoto huenda ana ulemavu, Mkristo afanyeje?

mama_kijacho:
Bwana asifiwe wapendwa. Nina mimba, nimepokea majibu ya kipimo cha damu wanasema mtoto ana "uwezekano mkubwa" wa Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa nayo inayofanya ukuaji na akili ya mtoto viende taratibu. Aliyenipa majibu akaniuliza hapo hapo kama nataka kuendelea na mimba, yaani mi sijauliza hata swali moja. Mume wangu kanyamaza tu, mama mkwe anasema lazima kuna mahali tumemkosea Mungu. Naamini uhai ni wa Mungu na sitaki kutoa, ila naogopa jamani, na kuna wakati nawaza labda huruma ni kumwepusha huyu mtoto na mateso. Naombeni mnijibu kwa imani lakini na kwa akili pia, msinirushie mistari tu mkaondoka.

mkunga_mstaafu:
Pole sana mwanangu. Shika hili kwanza, kipimo cha damu ya mama hakithibitishi kitu. Kinapima vipande vya DNA (vinasaba) vya kondo la nyuma vinavyozunguka kwenye damu yako, ndo maana kinatoa uwezekano tu, na kwa mama mwenye umri mdogo majibu hayo yanakosea mara nyingi kuliko kwa mama wa miaka 40. Kuthibitisha kabla hajazaliwa, kwa kawaida wanavuta maji ya uzazi kwa sindano, na hiyo sindano ina hatari ndogo ya mimba kutoka. Unaweza ukaikataa kabisa ukasubiri mtoto azaliwe, au ukaikubali ili mjiandae, hapo hakuna dhambi. Ila usikubali mtu akukimbize kwenye uamuzi kwa karatasi iliyoandikwa "uwezekano".

mzee_wa_neno:
Hilo la mama mkwe lilishajibiwa zamani, Yohana 9, wanafunzi waliuliza hivyo hivyo nani alitenda dhambi mpaka huyu akazaliwa kipofu, Yesu akasema si yeye wala wazazi wake. Mwambie kwa upole, naye anaogopa kama wewe.

Kuhusu huruma binti yangu, huruma inamwondolea mtu mateso, haimwondoi yeye. Mtoto wako hata kama ana kromosomu ya ziada (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba, na ya ziada ndiyo inayoleta Down) alishakuwa mtu kabla ya kipimo na ni mtu baada ya kipimo, majibu hayajapunguza chochote kwake. Warumi wa kale walikuwa wanawatupa watoto wachanga wasiowataka, wakiwemo waliozaliwa na kasoro, na Wakristo wa mwanzo walijulikana kwa kulikataa jambo hilo, Didache, kitabu cha mafundisho cha Wakristo hao, imeandika wazi usimuue mtoto kwa kutoa mimba wala usimuue akishazaliwa. Na haikutofautisha aliye mzima na aliye kilema.

najiuliza_tu:
Sawa mzee lakini tuseme ukweli, makanisa yetu yanapiga kelele mimba isitolewe halafu mtoto akizaliwa akipiga makelele ibadani watu wanageuka kumwangalia mama kwa jicho baya. Nani anabaki naye usiku? Na vipi yule ambaye fuvu na ubongo havikukua kabisa, yule hata madaktari wanajua hataishi, naye mnamwambia mama abebe miezi tisa?

baba_mwenye_chema:
@najiuliza_tu hapo kanisani umesema kweli tupu na inaniuma, mi nina binti mwenye Down, tumeangaliwa hivyo. Kanisa linalosema usitoe lazima liwe na mtu wa kushika zamu mama alale, vinginevyo tunamtwisha mwenzetu mzigo tusiougusa hata kwa kidole.

Kuhusu yule mtoto asiyeweza kuishi, nitajibu taratibu maana kuna akina mama wamepitia wanasoma hapa. Sisi tunaamini urefu wa maisha sio unaompa mtu thamani, mtoto wa saa moja ni mtoto. Siku hizi kuna hospitali zina huduma ya faraja, mama anasaidiwa ujauzito wote, mtoto akizaliwa hapewi maumivu ya bure, anavalishwa, anapewa jina, anashikwa na wazazi wake mpaka anaondoka. Na aliyeshatoa huko nyuma asome hii bila kuhukumiwa, kwa Mungu kuna rehema.

@mama_kijacho, mwaka 1959 daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba chanzo cha Down ni kromosomu ya 21 iliyozidi. Lejeune alikuwa Mkatoliki, alitaka tiba, akaumia sana kuona ugunduzi ule unatumika kuwasaka watoto tumboni, akawatetea mpaka alipofariki 1994. Na hali imebadilika mno dada, Marekani mwaka 1983 mtu mwenye Down aliishi wastani kama miaka 25, sasa ni karibu 60, sababu kubwa ni kwamba matatizo ya moyo yanafanyiwa upasuaji mapema. Karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo, kwahiyo mi naona swali la kumuuliza daktari sasa hivi ni hilo, moyo wa mtoto ukoje.

mama_kijacho:
Asanteni sana, nimemsomea mume wangu yote na ameongea kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke. Sindano tumeamua hapana. Tunaomba ultrasaundi ya moyo, @mkunga_mstaafu hiyo inafanyika mimba ikiwa na wiki ngapi?

mkunga_mstaafu:
Kati ya wiki 18 na 22 moyo unaonekana vizuri. Wakiona tatizo waulize mapema ujifungulie wapi, iwe hospitali yenye daktari wa moyo wa watoto. Na mumeo aingie na wewe.