Mwezi ukipatwa, mkaaji wa Mwezini ataona nini?

Mwana_Pangani: Wakuu, tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulipopatwa, ulibaki mwekundu dakika 82. Binti yangu kauliza: watu wakihamia huko, usiku kama ule wataona nini?

Fundi_Sola: Wataona Jua likipatwa, mkuu. Dunia ndiyo inayolifunika, na kule inaonekana pana karibu mara nne ya Mwezi tunaouona sisi. Pembeni mwake inabaki pete nyekundu: mwanga wa macheo na machweo yote ya Dunia kwa wakati mmoja, uliopindwa na angahewa. Mwanga huohuo ndio unaoupaka Mwezi wekundu. Machi 14, 2025 chombo cha anga cha Blue Ghost kililipiga picha tukio hilo kikiwa Mare Crisium, hukohuko Mwezini. Mimi nafunga sola, kwa hiyo nawaza betri! Paneli zitakosa jua na joto litashuka ghafla.

Mwana_Pangani: Ahsante sana. Na wa upande wa pili wa Mwezi?

Mama_Nyota: Hao watalikosa tukio hilo kabisa. Dunia haionekani kwao kamwe, na saa hiyo kwao ni usiku. Wa sayari ya Mirihi nao wana Phobos, kamwezi kadogo kanakolipita Jua kwa takriban nusu dakika bila kulifunika lote.