DSSAT inanipa mahindi mengi kuliko shamba: nianzie wapi kurekebisha?

Punje_Moja:
Wakuu, naendesha CERES-Maize, modeli ya mahindi iliyo ndani ya DSSAT (programu ya kuiga ukuaji wa mazao), kwa jaribio la mahindi Morogoro, mbegu ya Situka, nafasi sentimita 75 × 30. Modeli inachelewesha ndevu siku 9 na inatoa kilo 5,900 kwa hekta. Shambani tumepima 4,600. Nimeshusha G2 (idadi ya juu ya punje kwa mmea) hadi mavuno yakakaribiana, ila nikiweka msimu mwingine yanapishana tena. Hali ya hewa yote ni ya NASA POWER (data ya bure ya satelaiti na modeli), mvua ikiwemo. Kosa liko wapi?

Mbelewele:
Rudisha G2 ilipokuwa. Tarehe zikiwa hazijakaa sawa, usiguse punje kabisa: siku 9 za ziada ni majani ya ziada, na majani hayo ndiyo yanayokuvimbishia mavuno.

Anza na P1, yaani joto linalokusanywa (nyuzi-siku) tangu kuota hadi mwisho wa uchanga wa mmea. Kama wastani wa joto ni nyuzi 26, toa 8 za msingi (chini ya hapo mahindi hayakui), unapata 18 kwa siku. Siku 9 ni 162. Usikate 162 zote. P1 ikipungua, mmea unaanzisha majani machache pia, hivyo ndevu zinasogea karibu mara mbili ya ulichokata. Punguza kama 80, endesha, angalia. Ndevu zikikaa, nenda P5 (joto la kutoka ndevu hadi kukomaa) upate tarehe ya kukomaa. G2 na G3 (kasi ya kujaza punje) ni za mwisho, na uzitafute kwenye ploti iliyopata maji na naitrojeni ya kutosha, kwa kuhesabu punje za kila mmea.

Hizo 4,600 zilipimwa kwa unyevu gani? DSSAT hutoa uzito mkavu. Kama ni asilimia 13, zidisha kwa 0.87: ni 4,002. Pengo lako ni kubwa kuliko unavyodhani.

Kipimamvua:
Mvua ya POWER kwa Morogoro hapana. Pikseli moja inabeba mlima Uluguru na tambarare pamoja, tena inatawanya mvua moja kubwa kuwa manyunyu ya siku nyingi, mmea wa kwenye kompyuta haupati kiu. Weka mvua ya kipimio cha shambani, mionzi ya jua bakiza ya POWER. Ikiwa umeipakua kwa kilowati-saa, zidisha kwa 3.6 upate megajuli.

Kisha chimba shimo uone mizizi inaishia wapi. Tofauti ya SDUL (maji ambayo udongo unashika baada ya kuchuja) na SLLL (kiwango ambacho mmea hauwezi tena kunyonya) ikiwa 0.12, mita moja ya udongo inashika milimita 120 za maji. Kukiwa na tabaka gumu sentimita 40, mahindi yana 48 tu, ila faili la udongo halijui hilo mpaka upunguze SRGF (kipimo cha ukuaji wa mizizi) kwenye tabaka zilizo chini ya hapo.

Punje_Moja:
Unyevu ulikuwa 13 kweli. Na P2 (mmea unavyoitikia urefu wa mchana) niifanyeje?

Mbelewele:
Iache. Morogoro urefu wa mchana haubadiliki hata saa nzima kwa mwaka, data yako haiwezi kuikadiria. Idadi ya mimea nayo weka uliyohesabu baada ya kuota, siyo 4.44 kwa mita ya mraba ya kwenye karatasi. Na ule msimu wa pili usiuguse kwenye marekebisho, ndio wa kupimia.

Kipimamvua:
Anzisha simulizi miezi miwili kabla ya kupanda, la sivyo udongo utaanza umejaa maji ambayo hayakuwepo.