Mpangaji kanihama na deni la dari, sasa ati dipoziti imetosha

Wanajamvi, nimelimeza hili wiki mbili, leo limenikaa kooni. Wacha niliteme.

Nina nyumba ya ghorofa moja hapa Tudor, kaniachia marehemu babangu. Chini nakaa mimi na wanangu, juu nakodisha vyumba. Mwezi wa tatu akaja kijana mmoja, mpole huyo, shikamoo haimtoki mdomoni. Kodi 7,000, dipoziti 7,000. Mkataba hatukuandikiana. Najua. Msinianze.

Maji ya Mombasa ni ya mgao, nani hajui. Bomba hukauka siku nne, tano, halafu yaja saa tisa ya usiku kwa fujo, waamka mbio na ndoo zako. Ndiyo maana kila anayehamia kwangu humwambia neno moja kabla sijampa ufunguo: ukifungua bomba ukalikuta kavu, lifunge. Bwana huyu alifungua asubuhi, hakuona tone, akaliacha hivyo hivyo, na sahani zake chafu zimeziba tundu la sinki. Akatia kufuli, akaenda zake Mtwapa, huko huko akalala. Mimi nikaamshwa na kishindo. Dari la sebuleni limeshuka lote juu ya makochi, jipsamu imelowa kama mkate ndani ya chai.

Fundi wa dari 14,500. Rangi 4,000. Fundi wa stima 2,500, kwa sababu taa zilikuwa zinatiririka maji. Jumla 21,000. Makochi sikuyahesabu, niliona haya. Nikatoa dipoziti yake, ikabaki 14,000. Akakubali mwenyewe, kwa maandishi: "Mama, kosa ni langu, nipe hadi tarehe 5 nikupe nusu." Tarehe 5 ikaingia M-Pesa ya 2,000. Nusu ya 14,000 kuwa 2,000, sijui alisoma skuli gani.

Siku nilipokwenda harusini Likoni ndiyo aliyoichagua. Foleni ya feri ikanichelewesha, narudi saa mbili usiku chumba kitupu. Jirani anasema tuktuk ilibeba mara mbili, na yeye anaaga watu akicheka. Nikampigia. "Mama, dipoziti si unayo? Hapo tumemalizana." Kisha akanibloki namba. Na kwa kinyozi wa hapa chini ameshapita kusema nimemla dipoziti yake!

Hilo ndilo lililonichoma. Deni mtu huweza kushindwa, nami ningemngoja hata miezi sita, elfu elfu. Lakini ukiri kosa kwa mkono wako, kisha unipake mimi matope?

Kakangu ataka twende kazini kwake tukamwaibishe. Sitaki, huko tutageuka sisi wakosa. Wengine wanasema niite dalali. Dalali hukamata mali kwa kodi iliyolala, na kodi huyu alilipa. Dari si kodi. Na hiyo mali iko wapi? Kaniachia feni isiyo na panga na mtungi wa lita 20 uliopasuka.

Imebaki Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, huchukua madai hadi milioni moja, kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Waliowahi kwenda hapa Mombasa nawaomba mnijibu: ujumbe wake wa simu na risiti za mafundi zilitosha, bila mkataba? Na alikohamia sikujui, najua tu godauni anakofanya kazi kule Shimanzi. Wito waweza kupelekwa huko?

Wa "samehe mama, ni 12,000 tu", nitumieni nyinyi hizo 12,000 nimsamehe leo leo.

Tena si 12,000. Ufunguo wa chumba aliuacha juu ya mita, wa geti kaondoka nao. Kufuli jipya 850. Naliongeza.