MJADALA: Mtandao wa afya vijijini, nani ashike usukani?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Wiki iliyopita nilialikwa kikao cha wadau wa afya huku wilayani kwetu kama mjumbe wa kamati ya zahanati, ajenda kupanga mtandao wa ushirikiano, yani halmashauri, hospitali ya mission, maduka ya dawa muhimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na mashirika wakae meza moja ili kijijini kupate huduma. Wazo zuri sana. Sasa siku nzima tumebishana nembo ya nani itangulie kwenye bango, mafuta ya gari la wagonjwa yakaongelewa dakika kumi tu tena watu wameshaanza kuangalia posho.

Msimamo wangu ni huu, mtandao uanze na usafiri wa rufaa, na pesa yake itoke mapato ya ndani ya halmashauri, iandikwe kwenye bajeti kabisa. Mfadhili aje aongeze, asiwe ndio nguzo ya nyumba.

Nasema hivi kwa sababu 2018 shemeji yangu alishikwa uchungu saa saba usiku, zahanati kweli ipo, nesi yupo, akaandika rufaa kwa tochi ya simu kaiweka mdomoni, tukapiga kuita ambulensi tunaambiwa haina mafuta mchange laki moja. Tukaenda kumgongea jirani mwenye Noah ya kubebea nyanya, tukashusha matenga gizani tukatandika vitenge, shemeji kalala kwenye majimaji ya nyanya mpaka hospitali. Mtoto yupo shule ya msingi sasa hivi, tunamwita Nyanya na anakasirika kweli.

Leo kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Unapiga 115 bure, kituo kinaangalia kama ambulensi ipo, haipo anaitwa dereva wa kawaida wa hapohapo aliyeandikishwa, akimfikisha mama analipwa kwenye simu. Ilianzia majaribio Sengerema na Shinyanga, 2022 Rais Samia akaizindua iende nchi nzima. Hapo hakuna jengo jipya hata moja, ni watu waliokuwepo wameunganishwa tu. Noah ya jirani yangu ilikuwepo siku zote ila hakuna aliyekuwa na namba yake wala wa kumlipa.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu hapo kwenye m-mama umeruka kitu, mule ndani kuna Vodafone Foundation na kulikuwa na USAID, shirika la misaada la Marekani. Januari 2025 Trump kaingia tu kasimamisha misaada, watu wa miradi wameamka asubuhi hawana kazi. Sasa huo mtandao wenu ukijengwa juu ya hela za watu si ndio yale yale? 2001 Abuja viongozi wetu wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti iende afya, hiyo ahadi iko wapi? Mi nasema serikali ifanye yenyewe, hizi habari za wadau wadau ni njia ya kukwepa wajibu.

Mleta mada:
Ndugu yangu kwenye hela tunasema kitu kimoja, soma tena. Ila serikali peke yake tulishajaribu, 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku, 1991 tukazirudisha wenyewe. Na hospitali za rufaa Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi ni za nani? Za makanisa, na kanda nzima inategemea. Kuna wilaya hospitali teule, yani iliyoteuliwa na serikali iwe ya wilaya, ni ya mission miaka yote na wananchi wala hawajui tofauti, wanachojua ni dokta yupo au hayupo.

Mchangiaji wa 2:
Mimi ni nesi zahanati, tupo wawili. Kaka usafiri sawa, lakini mnasahau kurudi. Nampa mama rufaa anaenda, baada ya siku tano namuona nyumbani kwake, karatasi ya majibu hakuna, kapewa dawa gani sijui, mshono umekaguliwa sijui. Huo mtandao ungenipa tu namba ya wodi ya wazazi ya hospitali nikapiga ningeshukuru. Alafu kadi ya CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, kaya imelipa 30,000 ya watu sita, wanafika hospitali ya mission iliyo jirani kuliko ya serikali wanaambiwa hatuna mkataba na hiyo kadi. Wakirudi wananitukana mimi maana ndio niliwahamasisha wakate. Mikataba kwanza jamani, bango baadaye.

Mchangiaji wa 3:
Salamu kutoka Kilifi, Kenya. Huku kwetu 2023 tulipata mapromota wa afya wa jamii kama laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, posho nusu inatoka serikali kuu nusu kaunti. Kwa karatasi ni safi. Lakini hiyo nusu-nusu ndiyo shida, ikichelewa kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole na promota anazidi kutembea jua kali. Kwa hivyo mkipanga huko muandike nani analipa nini na tarehe ngapi, msiandike tu "kwa kushirikiana".

Mleta mada:
Dada nesi umenikamata, karatasi ya kurudi sikuifikiria kabisa na nimekaa kamati mwaka wa tatu huu. Ndugu wa Kilifi hilo la "kwa kushirikiana" limejaa kwenye rasimu yetu, nimehesabu sasa hivi lipo mara kumi na moja na hakuna tarehe hata moja. Kikao kingine ni Jumanne. Mwenye halmashauri iliyotenga fungu la mafuta ya rufaa kwa mapato yake ya ndani, au yenye mkataba wa CHF na hospitali ya mission unaofanya kazi kweli, aweke hapa waliandikaje nikawaonyeshe, maana nikienda na maneno matupu wataniambia chai ipo tayari.