Ushauri: wakwe zangu wa Brooklyn wanastaafu, kipato kinashuka, na wanashika Sabato na kosher (sheria za Kiyahudi za chakula)

DadaWaFlatbush
Wadau, naombeni msaada wa hesabu. Wakwe zangu ni Wayahudi washika dini, wanaishi Brooklyn, New York. Baba mkwe ana miaka 66, anaacha kazi Desemba. Mama mkwe ana 63, amefanya kazi za nusu siku tu. Pensheni ya Social Security ya baba ni dola 2,000 kwa mwezi akianza kuchukua akiwa na 67. Ya mama ni 600 kwa umri huohuo. Akiba ni 70,000. Pango ni 1,650, nyumba ni ya zile ambazo kodi yake inadhibitiwa na serikali. Kinachowanyima usingizi ni Pasaka, nyama, ada ya sinagogi na fungu la kumi wanalotoa tangu waoane. Jamaa wanawashauri wahamie mji wa bei nafuu. Waanzie wapi?

Mhasibu_Queens
Waanze na tarehe ya pensheni, mengine yatafuata. Kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, umri wa kupata pensheni kamili ni 67. Baada ya hapo kila mwaka wa kusubiri unaongeza asilimia 8 mpaka 70, kwa hiyo 2,000 inakuwa 2,480.

Mama akichukua yake sasa anakatwa robo, anabaki na 450. Lakini siku baba atakapoanza kuchukua, mama anapata nyongeza ya mwenzi: nusu ya 2,000 ukitoa 600 zake, yaani 400. Nyongeza hiyo nayo hukatwa mama akiwa chini ya 67. Baba akianza akiwa na 67, mama atakuwa na 64, nyongeza inashuka hadi 300. Jumla yao wote ni 2,750. Baba akisubiri mpaka 70, mama atakuwa na 67, nyongeza haikatwi, na jumla ni 3,330.

Tatizo ni kwamba akiba ya 70,000 haiwezi kuziba miaka yote hiyo. Afadhali baba apunguze kazi badala ya kuiacha, asogeze tarehe hata kwa miezi 12. Na kumbuka: mmoja akifariki, anayebaki anachukua hundi iliyo kubwa, ile ndogo inakufa. Watu huona hii ni hesabu ya baba, kumbe ni hesabu ya ujane wa mama.

Mtego mwingine ni Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi. Kazi ikiisha, baba ana miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B (ile ya madaktari) bila adhabu. Bima ya zamani ya kazini anayoendelea kuilipia mwenyewe haisimamishi miezi hiyo. Akichelewa, anaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili, na adhabu hiyo haiishi.

KaraniWaFomu
Mambo matatu ya kuomba, na wasione haya.

SCRIE, mpango wa jiji wa kuzuia kodi ya nyumba ya wazee isipande: mpangaji mkuu awe na miaka 62, kipato cha nyumba kisizidi 50,000 kwa mwaka, na kodi izidi theluthi ya kipato. Kipato chao kikishashuka, wanaonekana kuingia. Haipunguzi kodi, inaigandisha, kwa hiyo waombe kabla ya kusaini mkataba mpya wenye nyongeza. Wengi huipoteza kwa kusahau kuihuisha.

Mpango wa kulipiwa Sehemu B, ambayo mwaka 2026 imepita dola 200 kwa mwezi kwa kila mtu: New York haiangalii akiba, inaangalia kipato. Akikubaliwa hapo, punguzo la dawa la Medicare linakuja lenyewe. Mama bado hajafika 65, kwa hiyo bima yake aiombe kupitia NY State of Health, soko la bima la jimbo.

SNAP, msaada wa serikali wa kununua chakula: matibabu ya wazee yanayozidi dola 35 kwa mwezi hutolewa kwenye hesabu ya kipato, kwa hiyo watunze risiti za miwani, meno na dawa. Kadi yake inanunua nyama ya kosher, matza (mkate wa Pasaka usiotiwa chachu) na juisi ya zabibu. Hainunui divai, mishumaa wala chakula cha moto.

JikoKosher
Jikoni ndipo fedha inapovujia, na nyingi inakwenda kwenye mazoea kuliko kwenye sheria. Matunda na mboga mbichi, mayai, mchele mtupu na maharage makavu havihitaji muhuri wa kosher. Saladi ya pakiti iliyokaguliwa wadudu ni ghali. Nunua fungu zima, loweka majani kwenye maji ya chumvi, suuza, kisha kagua jani mojamoja kwenye mwanga.

Sabato inataka mikate miwili mizima kila mlo, haikusema iwe mikubwa. Kanda kilo 2 za unga mara moja. Kwa kiasi hicho unatenga kipande cha challah (sehemu ya unga inayotengwa kwa amri ya dini) pamoja na baraka yake, maana kipimo kinachofuatwa na wengi ni kama kilo 1.67. Unapata mikate midogo kama 32 ya gramu 100. Kwa milo mitatu wanatumia 6, iliyobaki inaingia friza. Hiyo ni Sabato tano. Mchuzi wa kulala motoni utoke kwenye shayiri, maharage, viazi na shingo za kuku.

Pasaka: matza ya mkono kwa usiku mbili za seder (mlo wa ibada wa kuanza Pasaka) tu, siku nyingine ya mashine. Vikombe vinne vya divai au juisi ya zabibu kwa watu wawili kwa usiku mbili ni vikombe 16. Kwa kipimo chepesi cha mililita 86, chupa moja ya lita 1.9 inatosha na kubaki. Keki, nafaka za asubuhi na vitafunio vyenye lebo ya Pasaka waviache dukani. Kilicho na chachu wasitupe, rabi akiuze kwa niaba yao, kwa mkataba, kwa asiye Myahudi.

Mhamaji_NJ
Mimi naona wahame tu. Pango likishuka, mengine yote yanalegea.

KaraniWaFomu
Mkuu, wakihama nje ya jiji la New York wanaiacha SCRIE mlangoni. Na mji wa bei nafuu lazima uwe na sinagogi la kufikika kwa miguu, maana Sabato hawapandi gari. Mkongojo ambao mtu hawezi kutembea bila huo unaruhusiwa Sabato, lakini kiti cha magurudumu hakisukumwi barabarani pasipo eruv, yaani mpaka wa kidini unaozungushwa mtaa ili vitu viruhusiwe kubebwa Sabato. Hata jengo la wazee la hapohapo waulize kwanza, maana Sabato hawawashi umeme: mlango ni wa kadi ya umeme? Taa za korido zinawashwa na mwendo? Lifti ya Sabato, inayosimama yenyewe bila kubonyezwa, ipo?

DadaWaFlatbush
Asanteni. Na fungu la kumi? Baba anasema hataliacha.

MzeeWaHesabu
Asiache, ila apime upya. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi, inamtaka hata anayeishi kwa sadaka atoe kitu, na kiwango cha chini ni theluthi ya shekeli kwa mwaka. Kama mshahara ulishatolewa fungu la kumi kabla haujaingia kwenye akiba, amuulize rabi kama sasa linadaiwa kwenye faida peke yake. Hapo kiasi kinaweza kushuka sana.

Ada ya sinagogi azungumze na mweka hazina faraghani kabla ya bili kutoka, ataje kiasi anachokiweza. Makaburi wayanunue sasa kupitia sinagogi, kwa kawaida ni nafuu kuliko siku ya msiba. Sanda ni ya kitani au pamba, jeneza ni la mbao tupu, na asiwauzie mtu lolote zaidi ya hapo. Likitokea pengo la ghafla, Hebrew Free Loan Society inakopesha bila riba, ila inataka wadhamini, kwa hiyo wawatafute mapema.