Tupeane uzoefu: samaki mpya kwenye tangi la matumbawe, wiki ya kwanza mnaivukaje?

Kangaja_Dume: Wakuu, habari za majukumu. Taa na matumbawe tumeshajadili sana, sasa tuongelee vifo vya samaki wageni. Maji umepima, amonia (sumu ya uchafu wa samaki) sifuri, chumvi 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji, joto nyuzi 25, na bado asubuhi unamkuta kalala ubavu. Leteni ya kwenu, si ya kusoma kwenye maelezo ya ndoo ya chumvi. Nawaza kununua samaki kangaja, yule wa buluu mwenye uso mweusi.

Bi_Tangi: Huyo ndiye bingwa wa kuugua vidoa vyeupe, ule ugonjwa wa kidudu cha ngozi, mdogo wangu. Kwangu hakuna samaki anayepita moja kwa moja hata muuzaji aape. Anaanzia karantini: tangi dogo tupu, hita, pampu ya hewa, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Mawe na mchanga siweki kwa sababu vinanyonya dawa ya shaba. Shaba hiyohiyo inaua matumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo ugonjwa ukishaingia tangi kubwa huna pa kutibia.

Halafu msidanganyike vidoa vikipotea. Kidudu kimeshuka tu kujifungia kwenye mchanga, kinazaliana humo, watoto wanatoka kwa mamia kusaka samaki. Ndiyo maana tangi lililoambukizwa wafugaji wengi huliacha siku 76 bila samaki hata mmoja.

Mzamiaji_Pwani: Mie niko upande wa kuvua, pwani ya Kenya, tunakotoa samaki wa mapambo kwenda nje. Samaki wa kina kirefu ukimpandisha kwa pupa anavimba kibofu cha hewa, hata akifika kwako hai ana majeraha ya ndani. Kabla ya safari tunamnyima chakula ili asichafue mfuko, kisha tunajaza oksijeni.

Sasa sikilizeni. Safarini samaki anatoa amonia na hewa ya ukaa. Hewa ya ukaa inashusha pH, yaani maji yanakuwa na asidi zaidi, na pH ikiwa chini amonia haina makali. Ukifungua mfuko hewa ile inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu papo hapo. Wewe uko na kimpira chako unadondosha maji ya tangi mfukoni tone kwa tone saa nzima ili ayazoee, unaona unamhurumia!

Kangaja_Dume: Duh. Sasa tufanyeje, kaka?

Mzamiaji_Pwani: Muulize muuzaji chumvi ya mfuko mapema, maji ya karantini yaweke sawa nayo. Acha mfuko uelee ukiwa umefungwa kama dakika 20 joto lilingane, fungua, hamisha samaki hapohapo, maji ya mfuko mwaga. Chumvi ipandishe polepole siku zinazofuata. Aliyenunuliwa duka la jirani, hayo matone hayana shida.

Mswahili_Sharjah: Mnasahau wenyeji. Kangaja ana wembe kwenye shina la mkia, na aliyetangulia hamtaki mwenzake. Mgeni namweka kwanza kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi kubwa, wazoeane kwa macho. Siku ya kumtoa nahamisha mawe kidogo, kila mtu aanze upya kutafuta nyumba, na taa nazima. Juu funika kwa wavu, samaki mwenye hofu anaruka.

Wa_Tanga: Sisi tunaochota maji baharini: subiri yajae, kaa mbali na mdomo wa mto, hasa masika. Umeme nao msiusahau, pampu ya hewa ya betri iwepo. Pampu zikisimama, samaki aliyechoka na safari hamalizi usiku.

Bi_Tangi: Na kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Kangaja asiyegusa mwani dukani, mwache hukohuko.

Kangaja_Dume: Shukrani dada. Mwani gani, hizi karatasi za kufungia sushi zinafaa?

Bi_Tangi: Zinafaa, mradi hazina chumvi wala viungo. Bana kwenye kioo kwa klipu, kipande kidogo, kilichobaki jioni kitoe.