Bei ya chini kwa nani? Tujadili maduka makubwa hapa Lubumbashi

Mtoa mada

Ba yaya na ba ndugu, salamu. Kila nikipanda teksi siku hizi nasikia habari moja: kuna kampuni ya maduka makubwa, ya zile zinazouza bei ya kutupa, inatafuta kiwanja hapa mjini. Kama ni kweli au ni maneno ya teksi, tuyaache. Nauliza hivi: wakija, tuwapigie ngoma au tuwafungie mlango?

Mimi nasema waje, lakini kwa masharti.

Bei yao ya chini haitokani na huruma. Aldi ya Ujerumani ilikuzwa na ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, kwa kuuza aina chache za bidhaa, duka bila mapambo, wafanyakazi wachache. Walmart, iliyoanza mwaka 1962 kule Arkansas, Marekani, inanunua mzigo mkubwa kiasi kwamba mwenye kiwanda ndiye anayebembeleza. Halafu kuna jambo ambalo mteja halioni. Mafuta ya kupikia yanaisha rafuni ndani ya siku chache, lakini aliyeyaleta analipwa baada ya miezi miwili au mitatu. Hapo katikati duka linazungusha hela za mtu mwingine. Nakumatt ya Kenya ilipoyumba mwaka 2017, walioshika kichwa ni waliopeleka mali yao na hawajalipwa. Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura kampuni ivunjwe.

Na hapa kwetu? Kontena linalotoka Durban linakula zaidi ya kilomita 2,500 za barabara kabla halijafika. Umeme ukikatika, friji zote zinahamia kwenye jenereta, na mazuti hayauzwi kwa bei ya kutupa. Shoprite, maduka makubwa ya Afrika Kusini, iliingia Kinshasa mwaka 2012, na miaka kama kumi baadaye ilishafunga na kuondoka. Kinshasa, mji wa mamilioni!

Lakini kinachonisumbua hasa ni cha zamani zaidi. Sisi watoto wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, tulishaishi na duka kubwa moja, tukaliita kantini. Baba alikuwa anarudi na mfuko wa bunga, ule unga wa mahindi, begani, na sisi tunamkimbilia hadi kwenye kona. Mama yangu hakujua bei ya bunga sokoni, hakuwa na sababu ya kuijua. Kisha kampuni ikaanguka: shaba iliyokuwa karibu tani 470,000 mwaka 1986 ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mfuko ukachelewa wiki, ukachelewa mwezi, mwisho hatukukimbilia tena kona. Mama akaazima beseni kwa jirani, akaanza kuuza makala, yaani makaa, mbele ya nyumba, vifungu vidogo vya kupikia sufuria moja. Ile beseni ndiyo iliyonisomesha. Mji huu ulilishwa na mabeseni miaka mingi, na aliyeyabeba bado yupo barabarani. Sitaki tumwondoe kwa sababu ya sabuni iliyopungua franka mia mbili.

Semeni.

Fundi wa Ruashi

Yaya, nakuheshimu, lakini hiyo ya mama na beseni inatufunga midomo. Nani atabishana na mama yako?

Mimi nabishana na soko. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nikifika sokoni na ovaroli napewa bei moja, nikifika Jumapili na viatu vya kanisani napewa nyingine. Nyanya zilezile! Nimechoka kununua kwa sura yangu. Mwezi jana nilinunua bunga, meka tatu, meka ni kile chombo cha kupimia. Nyumbani mke wangu akaniambia hii haifiki tatu. Nikarudi nikaomba kuiona ile meka. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, kama kitovu cha mtoto. Ukiitazama kwa juu huoni kitu, ukipitisha vidole chini ndipo unajua. Nilipouliza, nikaambiwa imeanguka.

Duka kubwa bei imebandikwa. Mtoto wangu wa miaka tisa namtuma na anarudi na chenji kamili. Tarehe ya kuharibika imeandikwa. Kama hilo ni adui, basi nipeni adui.

Mama Meka, soko la Kenya

Mwanangu wa Ruashi, mimi nauza bunga hapa soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi, na jina hili nimepewa na watoto wangu kwa kunicheka, basi nijibu mimi.

Wezi wapo. Hiyo meka uliyoiona ninaijua, na anayeitengeneza ninamjua pia. Lakini sikiliza hesabu ya asiyeiba. Mfuko wa kilo 25 kwa meka yangu unatoa kumi. Ukijua kumimina bila kushindilia unapata kumi na moja. Hizo kumi zinarudisha hela ya mfuko, ya msukuma mkokoteni na ya tiketi ya soko ambayo hawaisamehe hata siku ya mvua. Ya kumi na moja ndiyo ninayopeleka nyumbani. Siku nyingine ni faida, siku nyingine ni bukari, ugali wa jioni tu.

Sasa hilo duka lako litauza mfuko mzima kwa bei ndogo kuliko mimi, sikatai. Nani ana hela ya mfuko mzima? Wateja wangu wengi wanakuja saa kumi na moja jioni na kilichopatikana mchana. Wananunua meka moja, nusu meka, wengine wanaomba nichanganye: nusu meka na samaki mmoja wa Thomson, walipe Jumamosi. Daftari langu lina majina zaidi ya thelathini. Huyo kijana wa kwenye kasa, pale pa kulipia, ana daftari? Atamjua mjane wa nyuma ya kanisa kwamba huwa analipa, ila anachelewa?

Bei yako ya chini ni ya mwenye gari. Sisi wa miguu tunanunua ghali kwa kilo, tunajua, kwa sababu hatuna hela ya kununua rahisi.

Dereva wa Kasumbalesa

Mnagombania rafu, mlango hamuuangalii, huu wa Kasumbalesa mpakani na Zambia. Bunga linatoka Zambia, Thomson anapita Zambia, sabuni vilevile. Agosti 2024 serikali yetu ilizuia bia na soda zinazoingia kwa barabara, ati zetu ziuzike, madereva wakaandamana, na Zambia ikafunga mpaka. Siku zile chache niliziona Lubumbashi: sokoni bei ilipanda kabla foleni ya magari haijaanza kuoza. Duka kubwa angalau lina stoo ya mwezi. Mama, samahani, wewe una stoo ya siku mbili.

Mama Meka, soko la Kenya

Ya siku moja, baba. Usiniongezee.

Mwanafunzi wa sheria, Kasapa

Jambo moja la sheria. Ordonansi-sheria nambari 90-046 ya tarehe 8 Agosti 1990 inasema biashara ndogo ni ya Wakongomani. Nzuri sana kwa kumfukuza mgeni mwenye kibanda. Lakini duka lenye kasa ishirini si biashara ndogo, linapita juu ya sheria hiyo bila kuigusa. Aliyekuja kuuza vitumbua anazuiwa, aliyekuja kumeza soko zima anakaribishwa na wakubwa wakate utepe.

Afrika Kusini walijaribu kitu. Walmart ilipotaka asilimia 51 ya Massmart, kampuni ya maduka ya huko, mwaka 2011, wizara na vyama vya wafanyakazi walikwenda mahakamani. Hawakuzuia ununuzi, ila mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya ushindani iliamuru wafanyakazi 503 waliokuwa wamefukuzwa warudishwe, na kampuni itoe fungu la kuwasaidia wazalishaji wa nchini waweze kuiuzia. Hayo ndiyo masharti, mtoa mada. Wewe umesema "kwa masharti" halafu ukatuhadithia kantini.

Mtoa mada

Umenipata, mdogo wangu. Basi ninayaweka mezani.

Kwanza, mboga, mayai na mahindi ya mashamba ya huku, Kipushi, Kasenga na kwingine, yaingie rafuni, na mkulima alipwe ndani ya siku kumi na tano, si miezi mitatu. Mkulima wa lengalenga hawezi kukopesha kampuni. Pili, duka liuze mifuko kwa jumla kwa akina mama wa soko kwa bei ileile linayomlipa mwenye kiwanda pamoja na usafiri. Hapo Mama Meka anapata mfuko rahisi na mteja wake wa nusu meka anafaidika pia. Hilo la pili najua mtanicheka, hakuna mfanyabiashara anayekubali. Lakini wakiomba kiwanja chetu kiwe bure kwao kama wanavyoombaga, na sisi tuna haki ya kuomba kitu.

Kuhusu zamani, fundi, sikuleta mama yangu ili nikufunge mdomo. Niliogopa kitu kimoja: maduka madogo yakishakufa na lile kubwa likafunga kama la Kinshasa, nani ataazima beseni, na kwa nani?

Fundi wa Ruashi

Hiyo ya kuuza kwa jumla kwa akina mama naikubali, hata kama wao hawataikubali. Lakini mizani! Serikali ipige mhuri meka zote, kubwa na ndogo. Bila hivyo mimi nabaki na rafu yangu na tarehe yangu ya kuharibika.

Mama, Jumamosi napita Kenya. Nitapitisha vidole chini ya meka yako, usinikasirikie.

Mama Meka, soko la Kenya

Pitisha. Kitako ni kama kilivyotoka kiwandani, kimechoka tu. Na uvae ovaroli, viatu vya kanisani vitakugharimu.